Umeshasema "Sawa": Sasa Hesabu Ulichokubali

Ulimaliza chuo, ukazunguka na bahasha mwaka mzima. Siku moja ukaitwa. Mwisho wa usaili mama mmoja akakuambia, "Tutakupa laki saba na themanini. Sawa?" Hata hajamaliza, ukajibu, "Sawa kabisa mama, asante." Jioni ukasikia mwenzako mliyesoma naye, kazi ile ile ya mhasibu msaidizi kampuni nyingine, aliomba aongezwe akapewa laki tisa. Usingizi ukaruka.

Kwanza, usijitukane. Wengi wetu tumefanya hivyo hivyo. Njaa ya kazi hufanya mdomo utangulie akili. Lakini wewe si ndiye mtu wa hesabu? Chukua karatasi na kalamu.

Tuseme uko Tanzania Bara na ulisoma digrii kwa mkopo wa Bodi. Katika 780,000, NSSF wanakata asilimia 10, yaani 78,000. Zinabaki 702,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya mwaka 2024/25, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Hizo 182,000 za juu yake ni asilimia 20, yaani 36,400. Kodi yote 56,400. Bodi ya Mikopo nayo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 117,000. Mkononi unabaki na 528,600.

Umeshtuka? Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa mwenzako. Atabaki na 594,500. Ile tofauti ya 120,000 iliyokunyima usingizi imekuwa 65,900. Siyo ndogo, ni nauli na chakula cha mchana cha mwezi kwa watu wengi. Ila siyo ile uliyokuwa unaiota.

Halafu muulize: laki tisa zote ni mshahara wa msingi, au kuna posho humo ndani? Hapa ndipo vijana wengi hawaangalii. Malipo ya muda wa ziada na kiinua mgongo hupimwa kwa mshahara wa msingi. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema wiki ya kazi isizidi saa 45, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Kwa msingi wa 780,000 saa yako moja ni 4,000, ya ziada ni 6,000. Kama msingi wake ni 585,000 na zilizobaki ni posho, saa yake ya ziada ni 4,500. Na mhasibu anajua kufunga hesabu za mwezi maana yake nini: kutoka ofisini saa tatu usiku, siku nne mfululizo, tumbo tupu.

Kwa hiyo soma mkataba wako. Je, bima ya afya ipo? Inatumika hospitali zipi? Inamhusu na mtoto? Likizo ya mwaka ni siku 28, hiyo ni haki yako, siyo zawadi. Na mitihani ya NBAA, nani analipa ada?

Kama hujasaini bado, omba kitu kimoja tu. Mimi ningeomba hiyo ada ya mitihani, maana bosi huona ni faida yake pia. Kama umeshasaini, subiri muda wa majaribio uishe. Wakati huo andika kila mwezi ulichofanya: hesabu ulizofunga kwa wakati, kosa ulilogundua. Kisha sema, "Mama, nimemaliza miezi sita. Kazi nilizofanya ni hizi. Naomba tuangalie upya mshahara wangu." Usianze na kodi ya chumba wala ada ya mdogo wako. Hizo ni kweli, ila haziko kwenye vitabu vya kampuni.

Neno moja gumu. Mtu anayeona ameonewa, na funguo za peti keshi ziko mfukoni mwake, huanza kujiambia, "Nitakopa elfu ishirini, Ijumaa narudisha." Ukijisikia hivyo, toa funguo kwa mkubwa wako siku hiyo hiyo, kisha kaongee na rafiki unayemwamini. Mshahara unaweza kuombwa tena baada ya miezi sita. Jina la mhasibu likishaharibika, hata barua ya kumsifia hutapata wa kuiandika.

Zoezi la leo jioni: chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita, ulinganishe kila kato na hesabu ya hapo juu. Likizidi, kesho asubuhi muulize afisa utumishi kwa nini.