Mzio: Jinsi Unavyoanza na Hatua za Kuokoa Maisha

Watu wawili wanaweza kudungwa na nyuki wa mzinga mmoja. Wa kwanza akavimba kidogo na kupoa. Wa pili akazirai kabla ya robo saa kuisha. Sumu ni ile ile; kilicho tofauti ni jinsi mwili unavyoipokea. Hali ya huyo wa pili huitwa mzio, au aleji.

Mzio huanzaje?
Kinga ya mwili hupambana na viini vya magonjwa. Kwa mwenye mzio, huchukulia kitu cha kawaida kama karanga, samaki, vumbi au penisilini kuwa adui. Mara ya kwanza mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE bila mtu kuhisi lolote. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli za ngozi, mapafu na tumbo. Kitu hicho kikirudi, seli humwaga histamini na kemikali nyingine. Ndiyo sababu mtu aliyewahi kupewa penisilini bila shida anaweza kudhurika akipewa tena.

Mzio mwingine huchelewa. Rangi ya nywele au bangili yenye nikeli huweza kuwasha ngozi siku mbili au tatu baadaye.

Dalili za hatari
• Kupumua kwa shida au kwa mlio
• Ulimi, midomo au koo kuvimba
• Kizunguzungu au kuzirai
• Vipele mwili mzima pamoja na kutapika

Ukiziona, fanya hivi
1. Kama ni nyuki, ondoa mwiba mara moja.
2. Mlaze mgonjwa chali na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua, aketi. Asitembezwe.
3. Piga 999 au 112, au mpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa.

Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio hutuliza mwasho, lakini havifungui koo lililoziba. Hata akipata nafuu, mgonjwa asiharakishe kurudi nyumbani. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Uchunguzi
Daktari huanza kwa maswali: ulikula au kugusa nini, na dalili zilianza baada ya muda gani? Kisha anaweza kuagiza kipimo cha ngozi, ambacho majibu yake huonekana kwa dakika 15 hadi 20, au kipimo cha damu cha IgE. Mweleze dawa unazotumia, kwani vidonge vya mzio huvuruga kipimo cha ngozi.

Ukishajua kinachokudhuru, kiepuke, kiandikwe kwenye kadi yako ya kliniki, na umtajie kila mhudumu kabla ya kupewa dawa. Mzazi, wajulishe pia walimu wa mtoto wako.