Usichome Zebaki Nyumbani

Kijitabu cha kaya za wachimbaji wadogo na wachenjuaji wa dhahabu

DALILI
Mtoto anatumwa dukani, anafika kasahau alichotumwa. Mwalimu analalamika kwamba hatulii darasani. Baba mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika, hasira ziko karibu, usingizi hauji. Majirani wanasema karogwa. Kabla hamjauza mbuzi kwenda kwa mganga, jibuni swali moja: dhahabu yenye zebaki mnaichomea wapi?

Kama ni jikoni, acheni leo.

MVUKE
Zebaki ikipata moto hutoa mvuke usio na rangi wala harufu. Ukiuvuta, sehemu kubwa yake hubaki mwilini na kufika kwenye ubongo. Huko huharibu kumbukumbu na utulivu wa akili. Mtoto huumia zaidi kwa sababu ubongo wake bado unakua, na madhara mengine hayaponi.

USICHOME ZEBAKI NYUMBANI
Si jikoni, si chumbani, si uani chini ya dirisha. Geita, Kahama au Chunya, kisingizio ni kilekile: wezi. Basi watu hujifungia usiku na kuchomea karibu na walipolala watoto. Hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Zebaki hunasa kwenye kuta, godoro na mapazia, ikaendelea kutoa mvuke hata moto ukishazimwa. Kitambaa puani hakiuzuii. Maziwa hayauzuii, kunywa kama unayapenda, lakini si kinga. Usichome zebaki nyumbani.

MJAMZITO
Asichome zebaki, asiikamue, asikae karibu nayo.

PA KUCHOMEA
Mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia, mbali na makazi, kwa chombo chenye kifuniko na bomba la kunasa mvuke. Simama upande upepo unakotokea. Chombo hicho nacho huvuja, kwa hiyo hata ukiwa nacho, usichome zebaki nyumbani.

TAHADHARI NYINGINE
Usihifadhi zebaki kwenye chupa ya soda. Ikimwagika, usifagie, ufagio huitawanya. Toa watoto, fungua madirisha, izoe kwa karatasi ngumu, iweke kwenye chupa yenye maji na uifunge kabisa. Karai la kuchomea lisipikiwe tena. Nguo za mwaloni zisichanganywe na za watoto.

KITUO CHA AFYA
Mkienda, mwambieni mtoa huduma kwamba mnachoma zebaki. Sisi watoa huduma tusipojua, tutapima malaria, tutawapa panadol, na mtarudi kwenye mvuke uleule.