JE, POMBE HUKAA MWILINI SIKU AROBAINI?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, wengi wakiulizwa pombe hukaa mwilini muda gani hujibu haraka, "Siku arobaini!" Kisha kijana aliyeteleza akanywa huambiwa asihangaike kuswali mpaka siku hizo ziishe. Hapa yamechanganywa mambo mawili, na kuchanganya huko kunawapotezea watu Swala. Tuyatenganishe.

1. Inavyoingia
Pombe haisubiri kusagwa tumboni kama ugali. Hupenya kwenye damu, sehemu kubwa kupitia utumbo mdogo, na ndani ya dakika 5 hadi 10 huanza kufika kwenye ubongo. Kiwango chake katika damu kwa kawaida hufikia kilele baada ya dakika 30 hadi 90. Mwenye njaa hulewa mapema zaidi. Uwezo wa kupima mambo na kujizuia huharibika mapema, ndiyo maana mlevi hujiona mzima. Kisha ulimi huwa mzito na miguu hupepesuka. Akizidisha sana, huweza kuzimia na hata kuacha kupumua.

2. Inavyotoka
Kazi kubwa ya kuivunja hufanywa na ini, ambalo huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi, yaani saa 2 hadi 3 za kazi. Chupa nne ni saa 8 hadi 12. Basi aliyekunywa usiku huenda ikaadhiniwa Alfajiri pombe ingali katika damu yake. Kahawa nzito au kuoga maji baridi hakuliharakishi ini.

Tahadhari: kiwango cha pombe huendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kunywa. Aliyezimia asifungiwe chumbani kwa kuogopa aibu. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Pombe iliyochanganywa na methanoli ni hatari zaidi, kwani madhara yake huweza kujitokeza baada ya saa 12 hadi 24, na macho hupofuka. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 80.

3. Inayoyaacha
Pombe hutoka kwa saa, lakini madhara hubaki. Mafuta huweza kuanza kujaa kwenye ini baada ya siku chache za kunywa sana, na kwa miaka mingi ini husinyaa. Tangu 1988 pombe imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

4. Siku arobaini ni za nini?
Hadithi aliyoipokea Tirmidhi na wengineo inahusu kutokubaliwa kwa Swala ya mnywaji kwa siku arobaini. Haizungumzii damu wala ini. Wanavyuoni wamefafanua kuwa anakosa thawabu, lakini faradhi haimwondokei. Katika Suratun Nisaa, aya ya 43, imekatazwa kuswali katika hali ya ulevi. Kwa hiyo akili zikimrudia, ajitwaharishe, aswali, na alipe zilizompita. Kuacha Swala ni kuongeza dhambi juu ya dhambi. Na Hadithi hiyo hiyo inabainisha kuwa mwenye kutubia, Allah (S.W.) huipokea toba yake.

Wazazi, mtoto aliyeteleza msimfungie mlango wa msikiti ambao Mola wake hakumfungia. Na aliyezoea kunywa sana kila siku kwa miaka apelekwe pia kwa daktari, kwani kuacha ghafla huweza kumletea degedege na hata kifo.

Nawe mwanafunzi, ukiambiwa "onja kidogo tu", kumbuka kwamba kidogo hicho kitafika kwenye ubongo wako ndani ya dakika chache, na cha kwanza kukuondokea ni ile akili ya kukataa cha pili. Kataa cha kwanza.

Wabillahi tawfiq.