Somo la Mwezi: Byang Kato, Mkristo na Mwafrika

Kusoma: Matendo 19:18-20, 1 Wathesalonike 5:21



Byang Kato alizaliwa mwaka 1936 huko Kwoi, Nigeria. Baba yake alikuwa kuhani wa dini ya jadi, naye mtoto akawekwa tayari kuifuata kazi hiyo. Lakini katika shule ya misheni alilisikia Neno, akampokea Kristo. Alisoma London na Marekani, na mwaka 1973 akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Wainjilisti wa Afrika na Madagaska. Alikufa maji Mombasa tarehe 19 Desemba 1975, akiwa na miaka 39 tu.

Hakuwa Mwanglikana. Kanisa lake, ECWA, hubatiza waliokwisha kuamini, kama wafanyavyo Wabaptisti. Hata hivyo swali lake latuhusu.

Katika kitabu kilichochapwa Kisumu mwaka 1975, Kato alibishana na John Mbiti wa Kenya, kasisi wa Kianglikana. Mbiti alifundisha kwamba babu zetu walimjua Mungu kabla ya wamisionari kuja. Ndivyo: Wasukuma walimwita Liwelelo. Kato alijibu kwamba kujua huko hakutoshi kumwokoa mtu. Aokoaye ni Kristo peke yake. Lugha, nyimbo na mavazi yetu yana nafasi kanisani, lakini kila desturi ipimwe kwa Maandiko.

Hapa Mwakitolyo kipimo hicho chahitajika mdomoni mwa duara. Anayeshuka na msalaba shingoni na hirizi kiunoni anatumikia mabwana wawili. Hatusemi juu ya mizizi ya kutibu tumbo; twasema juu ya ramli na dawa ya kuvuta dhahabu. Katika Kanda ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Njia inayoanza kwa kuku mweupe yaweza kuishia kwenye damu ya mtoto.

Kazi ya Kato haikufa naye. Vyuo vya theolojia alivyovitamani vilifunguliwa Bangui mwaka 1977 na Nairobi mwaka 1983.

Maswali ya kujadili:

1. Desturi zipi za Kisukuma zamtukuza Mungu?
2. Mwenzako hajapata dhahabu miezi mitatu, naye ashauriwa kwenda kwa mganga. Utamwambia nini?
3. Mtaa wetu utawalindaje watoto wenye ualbino?

Bwana atupe moyo mmoja usiogawanyika. Amina.