Kansa ya mapafu: Je, ukishapasuliwa umepona?

Umewahi kulima shamba lenye ndago? Unapiga jembe, unang'oa, unazianika juani. Jioni shamba ni safi. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache ndago zimechipua tena. Zimetoka wapi? Vile vinundu vyake vidogo vilibaki chini ya udongo. Wewe hukuviona.

Kansa ya mapafu ina tabia hiyo. Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona. Kansa ni chembe zilizoacha utaratibu. Zinazaana ovyo na kufanya uvimbe. Nyingine huondoka kwenye uvimbe na kusafiri ndani ya damu mpaka sehemu nyingine za mwili.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari hupasua kifua na kukata sehemu ya pafu yenye uvimbe. Tarehe 5 Aprili 1933, huko Marekani, daktari Evarts Graham alitoa pafu zima la kushoto la mgonjwa wa kansa. Mgonjwa huyo, ambaye naye alikuwa daktari, aliishi miaka karibu 30 baadaye. Daktari Graham mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Mwaka 1950 yeye na mwenzake Ernst Wynder walionyesha kwamba wavutaji wa sigara ndio wanaopata sana kansa hii. Akaacha kuvuta, lakini alikuwa amechelewa. Mwaka 1957 akafa kwa kansa ya mapafu, na yule mgonjwa wake bado yu hai.

Si wote wenye bahati ya mgonjwa yule. Katika kila watu kumi waliopasuliwa, watatu au zaidi hurudiwa na kansa, mara nyingi katika miaka michache ya kwanza. Sasa daktari atajuaje nani atarudiwa na nani hatarudiwa? Wote wawili wametoka hospitali. Wote wawili wanakula na kutembea.

Daktari hutafuta alama. Alama ya kwanza iko katika nyama iliyokatwa. Nyama hiyo hupelekwa maabara na kutazamwa kwa darubini. Uvimbe ulikuwa na ukubwa gani? Je, chembe za kansa zimeingia katika tezi zilizo karibu na pafu? Zikiwa zimeingia, hatari ya kurudiwa ni kubwa zaidi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupewa dawa kali za kansa hata baada ya kupasuliwa. Asishangae akadhani amedanganywa.

Alama nyingine hutafutwa katika damu. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman, wa Montreal nchini Kanada, waligundua kitu kiitwacho CEA katika kansa ya utumbo. Baadaye ilionekana kwamba hata wagonjwa wengine wa kansa ya mapafu wanacho kwa wingi. Kipimo kikibaki juu baada ya kupasuliwa, au kikishuka kisha kikapanda, daktari huanza kushuku. Lakini alama hii hudanganya. CEA hupanda pia kwa mvuta sigara asiye na kansa, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini.

Alama mpya zaidi ni vinasaba vya kansa. Vinasaba ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe, yanayoiambia chembe ifanye kazi gani. Chembe ya kansa ikifa, vipande vya vinasaba vyake humwagika katika damu. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza, katika uchunguzi uitwao TRACERx, walipima damu ya watu waliokwisha kupasuliwa. Kwa baadhi yao walikuta vipande hivyo hata kabla picha za mashine hazijaonyesha uvimbe wowote. Kwa wachache ilikuwa miezi mingi kabla. Ni kama kuona ndago ingali chini ya udongo.

Kipimo hiki ni cha gharama, na hospitali nyingi hazina. Nacho hakioni kila kitu. Kansa ikiwa ndogo sana, vipande vyake ni vichache mno, na damu huonekana safi. Kwa hiyo damu kuwa safi leo hakumfungui mgonjwa asirudi kupimwa.

Hapa ndipo naona kosa kubwa linafanyika. Mtu amepasuliwa, kidonda kimepona, amerudi kijijini. Tarehe ya kurudi hospitali inafika. Anasema, "Sisikii maumivu, nauli ya nini?" Kansa inayorudi mara nyingi haianzi kwa maumivu. Akingoja mpaka akohoe damu, apungue mwili au aumwe mifupa, huenda itakuwa imeshaenea.

Kama kuna mgonjwa wa namna hii nyumbani kwako, mwulize tarehe yake. Wekeni akiba ya nauli mapema, baada ya mavuno. Kama bado anavuta sigara, aache, na wengine wasivutie ndani anamolala. Akianza kikohozi kipya, asingoje tarehe, aende. Vyeti vyake vya hospitali vifungwe katika mfuko wa plastiki, visilowe wala kuliwa na mchwa, maana daktari atalinganisha kipimo kipya na kile cha zamani.