Spika za roki zisizokutoza masikio yako

MPENZI wa muziki wa roki anapoingia dukani kununua spika huwa na swali moja tu: Je, zinapiga kwa nguvu kiasi gani? Muuzaji wa Luthuli Avenue hahitaji kujibu kwa maneno. Huongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, na mnunuzi akatoa pesa.

Swali hilo si la kipuuzi. Roki iliyonyimwa nguvu haina ladha. Lakini kwa yeyote anayetaka kuendelea kuusikia muziki huo akifika umri wa miaka 60, lipo swali lingine la kuuliza kwanza: Je, spika hizi zitanipa raha ya roki hata nikipunguza sauti? Zile zinazoweza ndizo za kununuliwa. Zisizoweza zitakulazimisha kuongeza sauti kila jioni, na watakaolipa gharama ni masikio yako.

Yanayotendeka ndani ya sikio

Ndani kabisa mwa sikio mna kiungo kidogo kilichojisokota mfano wa konokono, kiitwacho koklea. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe unaopelekwa ubongoni. Ngozi ikichubuka hupona na mfupa ukivunjika huunga. Chembe hizi zikifa, basi, hazioti tena.

Kelele huanza kuziua zile zinazopokea sauti nyembamba, za mitikisiko kati ya 3,000 na 6,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu mtu ambaye masikio yake yameanza kuharibika hulalamika kwamba anawasikia watu wakiongea lakini hashiki wanachosema, hasa akiwa ndani ya matatu au penye umati. Sauti za herufi kama s, f na th ndizo humpotea kwanza. Hujiona mzima, akawalaumu wenzake kwamba wananong'ona.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, hupendekeza mfanyakazi asikae penye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu. Penye 88 ni saa 4, penye 91 ni saa 2, penye 94 ni saa 1. Ukifika 100 una dakika 15 pekee, yaani nyimbo tatu au nne. Kwa muziki wa starehe, Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na katika ripoti yake ya mwaka 2021 lilionya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki.

Wanaroki wenyewe wameionja shubiri. Mwaka 1976 kundi la The Who lilipiga uwanjani Charlton, London, na kipimo kikaonyesha desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwa spika. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliandika hayo, na baadaye kikaacha kuwatuza wapiga kelele kwa kuhofia masikio ya watu. Pete Townshend, mpiga gitaa wa kundi hilo, amekuwa na matatizo ya kusikia kwa miaka mingi, na lawama kubwa ameiweka kwenye vipokea sauti alivyovaa studioni kuliko jukwaani. Mwaka 2016 Brian Johnson wa AC/DC alikatiza ziara baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kuwa kiziwi kabisa. Hao angalau walikuwa kazini, wakilipwa. Wewe umeketi sebuleni kwako.

Kwa nini mkono hukimbilia kitufe

Ni rahisi kumwambia mtu apunguze sauti. Lakini kuna sababu ya kimaumbile inayomfanya aiongeze, nayo ilielezwa mwaka 1933 na Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani. Waligundua kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Muziki ukiwa wa chini, besi hufifia kuliko sauti nyingine. Kwa sauti ya kiasi cha mazungumzo ya polepole, noti ya besi inahitaji desibeli zaidi ya 30 za ziada ili ionekane sawa na noti ya katikati.

Sasa fikiria wimbo wa roki. Uti wa mgongo wake ni ngoma kubwa ya mguu na gitaa la besi. Ukipunguza sauti, hao wawili ndio wa kwanza kutoweka, na kinachobaki ni gitaa linalokwaruza na mtu anayepiga mayowe. Ni kama kutazama ngumi zikirushwa bila kuona mabega ya bondia. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe.

Wahandisi wa zamani walilijua jambo hili. Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina kitufe kilichoandikwa Loudness, na wengi hudhani ni cha kuongeza kelele. La. Kazi yake ni kurudisha besi unaposikiliza kwa sauti ya chini. Kama amplifaya yako inacho, kitumie usiku. Kama haina, pandisha besi kidogo badala ya kupandisha sauti yote.

Spika zenyewe

Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutoa mitikisiko 41 kwa sekunde. Wa gitaa la kawaida ni 82. Pigo la ngoma ya mguu, lile unalolihisi kifuani, kwa kawaida limo kati ya 50 na 100. Kwa hivyo spika inayoshuka bila taabu mpaka 50 hivi itakupa roki karibu yote. Anayependa metali nzito, ambayo wapigaji wake hulegeza nyuzi au kutumia besi ya nyuzi tano inayofika 31, ndiye mwenye sababu ya kutafuta sabufa. Wengine huinunua kwa majivuno tu, kisha majirani wakateseka.

Kabla ya kutazama spika, pima chumba. Vyumba vingi vya kupangisha Umoja, Pipeline au Roysambu ni vya saruji na havizidi mita 3 kwa 3 kwa wingi. Wimbi la sauti hugonga ukuta na kurudi, na katika urefu wa mita 3 mitikisiko inayojirundika ni ya kama 57 kwa sekunde, katikati kabisa ya besi ya roki. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana hurundika noti ile ile na mambo huwa mabaya zaidi. Ndipo unaposikia mvumo mmoja mzito unaoimeza ngoma na besi pamoja, na ili umsikie mwimbaji unaongeza sauti. Katika chumba kama hicho jozi ya spika ndogo zenye koni ya inchi 5 au 6 na nusu hushinda minara miwili iliyojaa inchi 10. Usizisukume pembeni kabisa mwa chumba, maana kona huzidisha besi. Zulia, pazia zito na kochi havina jina katika duka la elektroniki, lakini husaidia kulainisha mwangwi wa sauti nyembamba kuliko waya wa bei ghali.

Sanduku pia lina lake. Lililofungwa pande zote hutoa besi fupi inayokatika upesi, nami kwa roki hulipenda hilo. Lenye tundu hutoa besi nyingi zaidi kwa nguvu ile ile, na likitengenezwa vizuri halina kasoro, ila yale ya bei rahisi huvuma noti moja kwa kila wimbo. Mtihani wake ni mwepesi: sikiliza kama unaweza kufuata besi ikipanda na kushuka. Ukisikia "bum, bum" isiyobadilika, ondoka.

Kisha soma karatasi ya maelezo. Utaona tarakimu kama desibeli 84 au 92. Hiyo ni sauti inayotoka spika ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Spika ya 84 inahitaji wati 10 kutoa sauti ambayo ile ya 94 huitoa kwa wati 1. Mtu atauliza, kama hatutaki kelele, tarakimu hii yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Pigo la ngoma huruka ghafla desibeli 15 au hata 20 juu ya wastani wa wimbo, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Spika nyepesi kusukuma huupokea mruko huo bila kukabwa, hata ukiwa na amplifaya ya kawaida. Nzito hukabwa, ngoma ikawa kama kofi kwenye mto. Kwa roki, tafuta 88 au zaidi.

Maandishi ya "wati 5,000 PMPO" kwenye kartoni yapuuze kabisa. Geuza chombo nyuma, usome kinakula wati ngapi za umeme. Kikiwa kinakula wati 60, hizo 5,000 zimetoka wapi? Kipimo cha kuamini ni kile kinachoandikwa RMS.

Hatari nyingine ni sauti nyembamba zilizotiwa chumvi. Gitaa la roki lina nguvu nyingi kati ya mitikisiko 2,000 na 5,000, na hapo ndipo sikio lilipo kali kupita kote, na ndipo linapoumia mapema. Spika zinazong'arisha eneo hilo huvutia dukani kwa dakika mbili, kisha nyumbani zikachosha kichwa.

Namna ya kujaribu

Nenda na muziki unaoujua vizuri. Back in Black, albamu ya AC/DC ya mwaka 1980, inafaa kwa sababu ala zake zimeachiana nafasi; kila moja husikika ilipo. Usiende na Death Magnetic ya Metallica ya mwaka 2008. Albamu hiyo ilikandamizwa mno wakati wa kutayarishwa hata mashabiki wenyewe wakalalamika, na hakuna spika itakayoitibu.

Mwambie muuzaji apunguze sauti mpaka mweze kuongea bila kupaaza. Kama ngoma ya mguu bado ina mwili na maneno ya mwimbaji yanaeleweka, hizo ni spika. Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha zinapiga kwa sauti sawa, kwa kuwa sikio la kila mtu hudanganywa kuamini kwamba yenye kelele zaidi ndiyo bora. Wauzaji wanalijua hilo vizuri.

Anayenunua spika kuukuu kutoka Ulaya aondoe kitambaa cha mbele na kuutazama ukingo wa koni. Ikiwa ni wa sponji, huoza kwa miaka na kukatika ukiguswa. Fundi anaweza kuubadilisha, lakini bei nayo ipungue. Na amplifaya ya Marekani ya volti 120 usiichomeke kwa umeme wetu wa 240.

Spika nzuri nazo zina hila

Hapa kuna jambo ambalo wauza spika hawalisemi. Spika mbovu hujishtaki zenyewe: ukiongeza sauti hukwaruza, nawe ukapunguza. Spika nzuri hazikwaruzi. Zinaweza kukufikisha desibeli 95 zikiwa safi kama maji ya chemchemi, na usigundue mpaka wimbo uishe. Hivyo kadiri ulivyonunua vizuri ndivyo unavyohitaji kipimo. Zipo programu za simu za kupima desibeli, na ingawa si kamili kama kifaa cha mtaalamu, zinatosha kukupa picha. Keti unapoketi siku zote, piga wimbo wako mzito, ongeza polepole hadi wastani ufike 80, kisha tia alama kwa rangi ya kucha kando ya kitufe. Bila simu, tumia njia ya wazee: ukilazimika kumpazia sauti mtu aliye umbali wa mkono, umepita kiasi.

Kuhusu majirani, kanuni za kelele zilizotolewa nchini mwaka 2009 zinawapa haki ya kulalamika, na besi hupenya ukuta wa saruji hata pale ambapo mwimbaji hasikiki. Kuinua spika kutoka sakafuni na kuiwekea mpira mzito chini hupunguza mtetemo.

Mlio wa "nzii" masikioni baada ya kuzima muziki, au hisia kwamba masikio yamezibwa pamba, ni dalili kwamba chembe zimeelemewa. Mara nyingi hali hiyo hupita baada ya kupumzika, na wengi huipuuza kwa sababu hiyo. Ikijirudia, au mlio ukidumu siku kadhaa, muone daktari wa masikio, pua na koo, uombe kupimwa usikivu kwa mashine. Lakini sikio moja likizima ghafla, usingoje wiki ijayo wala usitie mafuta. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, maana matibabu ya hali hiyo hufaa zaidi yakianza mapema.