Mchezo wa Harambee: Haki na Wema Katika Kazi ya Pamoja

Hebu tuanze na fumbo. Wewe na mtu usiyemjua mmepewa shilingi 100 mgawane. Wewe ndiwe unayependekeza mgao, mara moja tu, hakuna kubembelezana. Yeye akikubali, kila mtu anachukua fungu lake. Akikataa, pesa zinarudi kwa mwenyewe na nyote wawili mnaenda zenu mikono mitupu. Je, utampa ngapi?

Mtu wa hesabu tupu atakujibu: mpe shilingi 1, maana 1 ni bora kuliko sifuri, na kama ana akili ataipokea. Mwaka 1982 Werner Güth na wenzake wawili wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio la namna hii, na tangu hapo limerudiwa katika nchi nyingi. Kumbe watu hawaendi hivyo hata kidogo. Wengi wanaogawa hutoa 40 au 50, na anayepewa chini ya 20 mara nyingi hukataa katakata. Yaani binadamu yuko radhi kulala bila kitu kuliko kumwona mwenzake akiondoka na 85 huku amemrushia 15 kama makombo! Si wivu huo. Ni kwamba hesabu ya mfuko na hesabu ya heshima hufanywa pamoja.

Hapa inafaa tutenganishe maneno mawili ambayo sisi wanafunzi huyachanganya kila siku, hata katika insha. Usawa ni kila mtu kupata kiasi kile kile. Haki ni kila mtu kupata kinachomstahili. Katika kijiji cha Lamalera huko Indonesia, watu huvua nyangumi kwa mashua za makasia na tanga. Mnyama akishafikishwa pwani, hakatwi vipande sawasawa. Aliyerusha chusa ana sehemu yake, mabaharia wana yao, hata fundi aliyeitengeneza mashua hasahauliki. Mafungu hayalingani, na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa kila mmoja alizijua kanuni kabla ya mashua kuingia majini. Walipocheza mchezo wetu wa kugawana, watu wa Lamalera walitoa kwa wastani zaidi ya nusu. Wamachiguenga wa msitu wa Peru, ambao kila familia hujitafutia yenyewe na ni nadra kufanya kazi na wasio jamaa zao, walitoa takriban robo tu, na waliopewa hawakuona ubaya.

Matokeo hayo yalitoka mwaka 2001 katika utafiti wa jamii ndogo 15. Mojawapo ni ya hapa hapa Kenya, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Jean Ensminger, mwanaanthropolojia wa Marekani, alicheza michezo hii na Waorma, wafugaji wa ng'ombe wa Tana River. Katika mchezo wa kugawana walitoa wastani wa asilimia 44. Halafu akawaletea mchezo wa pili. Wachezaji kadhaa wanapewa pesa. Kila mmoja, kwa siri, anaamua atie kiasi gani katika chungu cha pamoja. Zilizomo zinaongezwa, kisha zinagawanywa sawa kwa wote, aliyetia na asiyetia. Basi Waorma walipoelezwa tu, wakasema: ah, huu ni mchezo wa harambee!

Walikuwa wamelenga shabaha. Barabara ikilimwa au darasa likijengwa, hata aliyefunga mkono atapita na mtoto wake atasoma. Na baada ya kuutambua mchezo, wakaucheza kama harambee: walitia wastani wa asilimia 58, na robo yao walitia kila kitu. Tena wenye mali walitia zaidi, jambo ambalo halikuonekana katika ule mchezo wa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu katika harambee tajiri hutarajiwa kutoa zaidi, ilhali hakuna desturi inayomwambia tajiri amgawie nani shilingi 100 za mgeni. (Harambee za wanasiasa zina mambo yake, hayo tuyaache.) Naona hapa ndipo penye kiini. Watu hawakubadilika, kazi ndiyo iliyopata jina, na jina likaja na kanuni ambazo kila mtu alishazijua. Vikundi vyetu vingi vya kusafisha bweni au kulima shamba la shule huanza bila kukubaliana ni kazi ya namna gani na nani anatarajiwa kufanya nini, halafu tunashangaa ugomvi unatoka wapi.

Sasa tumfikie yule tunayemjua sote: anayetegea. Mwaka 2002 Ernst Fehr na Simon Gächter walichapisha jaribio la mchezo wa chungu walilofanya na wanafunzi 240 wa vyuo vikuu vya Zürich. Mchezo uliporudiwa bila adhabu, michango ilizidi kushuka. Wakarimu hawakugeuka wabaya. Walichoka kubeba wengine. Lakini waliporuhusiwa kulipa pesa zao wenyewe ili kumtoza faini anayetegea, michango ilipanda, ijapokuwa wachezaji walibadilishwa kila mara hata aliyetoza asikutane tena na aliyemtoza. Kwa hiyo wema usiokuwa na haki nyuma yake haudumu.

Adhabu nayo si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2008 jaribio hilo lilipofanywa katika miji 16, katika baadhi yake, kama Athens na Muscat, waliotozwa walikuwa pia wale waliotia zaidi! Sisi tunalo neno la kumpigia mtu wa namna hiyo: kimbelembele. Ukiona kikundi ambamo anayefika mapema na jembe lake anaitwa kimbelembele, jua hapo ushirikiano hauna afya.

Upole je, una faida gani? Amy Edmondson wa Marekani alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini, akachapisha mwaka 1996. Alitarajia kwamba vikundi vyenye uelewano mwema vingekuwa na makosa machache ya dawa. Karatasi zikaonyesha kinyume! Alipochimba zaidi aligundua kwamba huenda hawakukosea zaidi. Walikuwa wakiyataja makosa yao, kwa sababu kiongozi wao hakuwa mtu wa kufokea watu. Penye ukali, makosa yalifichwa, na kosa lililofichwa halirekebishwi.

Wanachama wanaotaka kuujaribu mchezo wa harambee katika kikao hawahitaji pesa. Kaeni wanne wanne. Kila mmoja awe na punje 20 za mahindi. Kila raundi mtu anaficha mkononi punje anazotaka kutia, wote wanafungua pamoja, mweka hazina anaziongeza mara mbili na kuwagawia wote wanne sawa. Chezeni raundi 6 mkiwa kimya, mkiandika ubaoni jumla ya kila raundi. Kisha chezeni 6 nyingine ambamo mtu anaweza kutoa punje yake 1 ili mwenzake apokonywe 3. Mwisho chezeni 6 bila faini, ila mwanzoni mpewe dakika tano za kuzungumza. Linganisheni zile jumla tatu, na mlete karatasi zenu kwa mhariri kabla ya shule kufungwa.